UZI: Maji matupu yanakata chuma? Nakatwa mshahara kwa vishimo vitano

#1 Lansi_Mkononi
Salaam nduzangu. Nina kesi.

Nafanya kazi kwenye gudi moja hapa kisiwani Mombasa, jina silitaji. Kazi yetu ni kuosha matumbo ya meli kwa maji ya presha kubwa, kutoa rangi kuukuu na kutu. Mashine yetu geji yake yasoma psi 36,000. Wiki mbili nyuma tulikuwa tunaosha mabamba ya chuma ya milimita 12 yanayongoja kuchomelewa. Kichwa cha nozeli tumekifunga kwenye kitoroli, chatakiwa kizunguke chenyewe. Siku hiyo beringi ilikwama, kikawa hakizunguki, na mimi nilikuwa kule nyuma nahangaika na mpira uliokuwa wavuja. Dakika saba, nane hivi.

Kurudi, bamba lina vishimo vitano vimejipanga mstari, kimoja kwa kila tundu la nozeli. Kucha ya kidole gumba yazama. Ndani yake si laini, ni matundu matundu kama mkate wa chila.

Msimamizi akaja, akainama, akapitisha kidole. Akasema: "Maji hayakati chuma. Hapa umepiga grainda ukaharibu, sasa wasingizia maji." Bei ya bamba yaenda kwenye mshahara wangu. Mchanga hatutii, ni maji ya bomba yaliyopita kwenye chujio. Swali langu: maji matupu yaweza kufanya hivi au hayawezi?

#2 Kungu_Manga
Nimetandika mkeka, kahawa tungu iko mkononi. Endeleeni.

#3 DarKwetu
Mkuu, hili jepesi. Zile video za maji yanapasua chuma cha sentimita tano kama keki, mle ndani wanatia mchanga. Maji ni mbebaji tu, anayekata ni mchanga. Maji matupu yangekuwa yanakata chuma, mabomba ya nyumbani yangeshaisha. Msimamizi wako yuko sawa kuhusu maji, ingawa ya grainda sijui.

#4 Mkata_Vyuma_NRB
Nipo Nairobi, mashine hiyo ya video ndiyo ugali wangu, kwa hiyo nisikizeni kidogo.

DarKwetu amepata nusu. Yangu hufika baa 4,000 (baa ni kipimo cha presha, moja ni kama presha ya hewa ituzungukayo). Maji hupita kwenye tundu dogo kuliko ncha ya kalamu, kama theluthi moja ya milimita, lililotobolewa kwenye kito cha yakuti au almasi kwa sababu chuma cha kawaida kingelika upesi. Chini ya kito kuna chumba kidogo, ndipo ganeti inapoingia. Ni chembe nyekundu ngumu, si mchanga wa pwani. Maji na ganeti huteremka pamoja kwenye kijibomba cha kabaidi ya tangsteni, na hicho nacho huchakaa tukabadilisha kila mara.

Bila ganeti tunakata sponji, raba, ngozi, hata vyakula. Chuma hapana. Kuna siku mpira wa ganeti uliziba katikati ya kazi: maji yakawa yanarudi usoni mwa mashine, na kwenye bamba kukabaki mstari unaong'aa tu. Sasa wewe Lansi una psi 36,000, hiyo ni kama baa 2,500. Chini ya yangu. Kwa maoni yangu chujio lenu limepasuka na mlikuwa mnapiga mchanga bila kujua.

#5 Kungu_Manga
Baa 4,000?? Hata Mtwapa na usiku wake haina baa hizo.

#6 Mchimba_Taita
Ganeti! Kumbe nyie mwaitumia kukatia vyuma. Huku kwetu Taita Taveta ganeti ya kijani, tsavoraiti, mtu huitafuta miaka, akiipata punje moja hulala nayo chini ya mto.

#7 Mkata_Vyuma_NRB
@Mchimba_Taita ya viwandani ni nyekundu ya bei rahisi, huja kwa magunia. Ukinitupia tsavoraiti kwenye mashine nitaizima niichambue kwanza.

#8 BintiFizikia
Assalaam aleikum. Nafundisha sekondari, maeneo ya Tudor. Mwanipa mada ya darasani bure.

Tuanze na mwendo. Baa 2,500 ni paskali milioni 250. Zidisha mara mbili, gawa kwa uzito wa maji, yaani kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, tafuta kipeo cha pili: wapata kama mita 700 kwa sekunde. Sauti hewani huenda kama mita 340. Hayo maji ya Lansi yatoka mara mbili ya mwendo wa sauti.

Sasa hapa ndipo watu hupotea. Maji yakimiminika mfululizo juu ya bamba, presha yake pale chini ni ile ile baa 2,500 basi. Lakini yakifika vipande vipande, kila tone likigonga kwa mara ya kwanza halipati nafasi ya kutawanyika. Kwa muda mfupi mno, chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, hujibana lenyewe na kugonga kama nyundo. Presha ya nyundo hiyo ni uzito wa maji mara mwendo wa sauti ndani ya maji, kama mita 1,500, mara mwendo wa tone. 1,000 × 1,500 × 700. Ni zaidi ya baa 10,000. Maji yale yale, mara nne ya presha, kwa sababu tu yamekatika.

Chuma laini cha bamba huanza kukubali kubonyea kwenye baa 2,500 hivi. Kwa hiyo ndugu yetu huenda hasemi uongo.

#9 DarKwetu
Mwalimu, maji si tulifundishwa hayabanwi? Yatajibanaje?

#10 BintiFizikia
Tulifundishwa hivyo ili mtihani uishe. Kwenye baa 4,000 za kaka wa Nairobi maji hupungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Yangekuwa hayabanwi kabisa, sauti isingepita ndani yake.

#11 Mzee_wa_Injini
Nimesoma nikacheka peke yangu. Miaka yangu ya melini nilifanya kazi kwenye meli za tabo ya mvuke, injini ambayo mvuke huzungusha safu za mapanga. Mwaniuliza kama maji matupu hula chuma? Fungua tabo, tazama safu ya mwisho ya mapanga, kule mvuke ulikopoa ukaanza kutoa matone. Ukingo wa mbele wa panga, karibu na ncha, umelika kama kanzu iliyotafunwa na panya. Hakuna mchanga mle, maji yake ni safi kuliko ya kunywa. Ni panga lenyewe linalokimbia mamia ya mita kwa sekunde na kujigonga kwenye tone lililojikalia. Ndiyo sababu ukingo ule hufunikwa Stellite, aloi ngumu ya kobalti.

Na nyundo ya Mwalimu si mpya. Cook, mhandisi aliyefanya kazi na Charles Parsons, mbunifu wa tabo ya mvuke, aliandika juu yake mwaka 1928. Mpelekee msimamizi wako salamu za 1928.

#12 Lansi_Mkononi
Shukran ami Mzee, shukran Mwalimu. Nimeyaandika kwenye karatasi.

#13 Mkata_Vyuma_NRB
Polepole. Mwalimu, hesabu yako naikubali ila ina tundu. Baa 2,500 ni za kunyoosha kipande cha chuma kilicho huru. Chuma cha bamba kimezungukwa na chuma kingine kila upande, ukitaka kukibonyeza wahitaji kama mara tatu ya hiyo, tuseme baa 7,500. Pili, matone hewani hupunguza mwendo. Yakifika na nusu, nyundo yako ni 5,000 tu. Haifiki.

Tatu: Lansi, nozeli ilikuwa mbali kiasi gani na bamba? Mimi hukata kwa umbali wa milimita mbili tatu. Hapo hakuna tone, ni fimbo ya maji.

#14 Lansi_Mkononi
Shibiri moja na ushei. Kitoroli kilikuwa kimeinuliwa. Kwa kawaida twaweka vidole viwili vitatu tu.

#15 BintiFizikia
SHIBIRI! Kaka wa Nairobi, tundu la theluthi ya milimita, safari ya shibiri nzima. Hiyo ni zaidi ya mara 700 ya upana wa tundu. Fimbo yako hapo imeshavunjika kitambo, ni mvua ya mawe. Umenisaidia bila kutaka.

#16 Mkata_Vyuma_NRB
Imevunjika na imechoka. Mbona hilo hulisemi.

#17 Slivu_Miritini
Mimi sina hesabu, nina spana. Ila naona mwapigana na nyundo na mchanga, na kuna wa tatu hamjamtaja: viputo.

Mimi ni fundi wa malori, Miritini. Mwaka jana lori lilikuja mafuta yamekuwa kama chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili. Tukashusha injini, tukatoa slivu, lile bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Kwa ndani, pistoni inapopita, yang'aa safi. Igeuze upande wa nje unaoguswa na maji ya kupoza: mstari wa vishimo kutoka juu hadi chini, upande mmoja tu, na kimoja kimetoboa hadi ndani. Ukitia sindano yapita. Mwenye lori akaapa tumembadilishia slivu.

Mle hakuna jeti, hakuna mchanga, hakuna mwendo wa kutisha. Pistoni ikigonga ukuta wa slivu, slivu hutetemeka. Ikirudi nyuma, maji yaliyoegemea huvutika, presha hushuka, viputo vya mvuke huzaliwa. Ikija mbele, viputo hujifumba kwa ghafla na kila kimoja humchoma chuma kisindano cha maji. Mamilioni ya mara kutoka hapa hadi Malaba. Kulanti nzuri ina dawa inayoweka utando juu ya slivu, utando huliwa badala ya chuma kisha hujirudi. Huyu dereva wetu alikuwa ajaza maji ya kisima, Mariakani au Voi, popote rediata ilipomlilia.

Vishimo vya Lansi "kama chila"? Ndivyo vilivyo vya slivu hasa. Kwangu mimi ni viputo.

#18 Mzee_wa_Injini
Fundi amesema kweli. Rafadha za meli huliwa vivyo hivyo, na mwaka 1917 mwanafizikia Mwingereza Rayleigh alipiga hesabu ya kiputo kinachojifumba majini. Lakini mwanangu, kiputo chahitaji kuzama ndani ya maji. Jeti ya Lansi yapita hewani.

#19 Slivu_Miritini
Ami, bamba lililopigwa maji dakika nane halina kidimbwi juu yake? Bamba si lilikuwa limelala?

#20 Lansi_Mkononi
Lilikuwa limelala. Na ndiyo, maji yalituama.

#21 Kungu_Manga
Kila siku naona uzi wa siasa unafungwa ukurasa wa pili. Huu wa kishimo utafika Idi.

#22 Nahodha_Mstaafu
Mwanishangaza, wote mwaruka jambo la karibu. Bamba limekaa wapi kabla ya kuoshwa? Kama ni gudi za huku zote, limelala nje, upepo wa kusi wapiga, chumvi yalowesha. Chini ya rangi palipokwaruzika kutu huchimba kisima chake kimya kimya. Ukija na maji ya presha hukati kitu, wafukua kaburi tu. Nimeona meli nzima ikioshwa, rangi ikatoka, na chini pakawa na vishimo kama ndui. Nahodha mgeni hulaumu mwosha. Mwosha hana kosa, amefunua tu.

Na kwa taarifa yenu, maji ya presha kubwa yakipita juu ya chuma kwa mwendo wake wa kazi hayaongezi mkwaruzo wowote. Hurudisha sura ile ile iliyokuwa chini ya rangi. Ndiyo maana pakihitajika chuma kiwe na ukali wa kushika rangi mpya, mchanga huitwa tena.

#23 BintiFizikia
@Nahodha_Mstaafu kisima cha kutu kingejipanga mstari, vitano, sawasawa na matundu ya nozeli?

#24 Nahodha_Mstaafu
Binti yangu, jeti tano hufukua mahali patano. Pembeni yake huenda kuna vingine hamjavifukua. Akaoshe bamba lote tuone.

#25 Lansi_Mkononi
Bamba limefungiwa. "Ushahidi." Na ni kweli lilikaa nje kama miezi miwili. Sikutaka kulisema hilo.

#26 Nesi_wa_Zamu
Samahani naingilia. Lansi, ulisema ulikwenda nyuma kushughulikia mpira unaovuja MASHINE IKIWA INAWAKA?

Hata baa saba zatosha kupenya ngozi. Nimempokea kijana aliyepigwa kidoleni na mashine ndogo ya kuoshea magari. Jeraha ni kitone, kama ameumwa na mbu. Haumii sana, ataka plasta arudi kazini. Kumbe maji na uchafu vimekimbia ndani kufuata mishipa ya kidole hadi kiganjani. Alifika usiku, akaingizwa upasuaji usiku huo huo. Wewe una 2,500. Glavu hazikusaidii. Ukiguswa, hata kitone, usingoje kesho, na umwambie daktari ni jeti ya presha, maana kwa macho haitaonekana kitu.

#27 Lansi_Mkononi
Dada, umenitia baridi. Nimekusikia.

#28 Kungu_Manga
Amekusikia, lakini yule namjua. Kesho ataleta majaribio hapa, nawawekea dhamana.

#29 Lansi_Mkononi
Ehm.

Leo saa ya chakula tumejaribu. (Dada Nesi, mwenzangu alikuwa na mguu kwenye pedali ya kuzimia, kichwa kimefungwa, sisi tuko nyuma ya ukuta wa mabamba.) Tumezuia kichwa kisizunguke makusudi.

Kwanza mfuniko wa sufuria, alumini, nilitoka nao nyumbani. Shibiri moja. Sikumaliza hata kuhesabu, umetoboka, na kingo za tundu zimekunjamana kwa nyuma.

Kisha kipande cha chuma laini, nimekipiga msasa hadi kikang'aa kama kioo ili Nahodha asiseme kutu. Shibiri moja, dakika nane. Dakika ya pili tulichungulia: kimefifia tu, kama kioo cha bafuni. Dakika ya nane katikati kuna kwaruzo, matundu madogo madogo. Kucha yakwama lakini haizami kama kwenye bamba.

Mwisho kipande kingine, vidole viwili, dakika nane. Kimesafishika. Hakuna zaidi.

#30 BintiFizikia
Mbali hula, karibu haili! Fimbo haikati, mvua yakata. Nikiwa karibu nawe ningekununulia halua.

#31 Mkata_Vyuma_NRB
Nakubali kipande kimelika. Sikubali kimelika kama bamba la mwanzo. Kucha ilizama kwenye bamba na hapa yakwama tu, muda ule ule, mashine ile ile. Kilichoongezeka siku ile ni nini? Chujio mmelifungua?

#32 Lansi_Mkononi
Tumelifungua baada ya jaribio. Wavu hauna tundu. Ila chini ya kikombe chake kuna chenga za kutu, nyeusi, kama za chai.

#33 DarKwetu
HAYA SASA. Nilisema nini #3?

#34 Mzee_wa_Injini
Chenga zilizo kwenye kikombe zimezuiwa na chujio, DarKwetu. Mwizi aliye ndani ya seli hakuiba jana usiku.

Mkata Vyuma, huo muda wako usiutegemee sana. Chuma kinapogongwa na matone kina kipindi cha kimya. Hukaa kinapigwa, hakipungui hata chembe, wakati ndani nyufa zaungana. Zikishakutana, vipande huanza kung'oka na hapo huenda mbio. Bandu bandu huisha gogo. Ndiyo maana hata nyundo isiyofika hizo baa 7,500 hatimaye hula. Huyu huenda amezima mashine pale pale kimya kilipokuwa kinaisha. Dakika nane zake za siku ile zilikuwa "saba, nane hivi", kwa maneno yake. Labda zilikuwa kumi na mbili.

#35 Kungu_Manga
Mtu anayerekebisha mpira unaovuja dakika nane, hapa Mombasa? Weka ishirini.

#36 Slivu_Miritini
Na kipande cha jaribio kilisimama au kililala?

#37 Lansi_Mkononi
Kilisimama. Maji hayakutuama.

#38 Slivu_Miritini
Mimi nimemaliza. Viputo.

#39 Nahodha_Mstaafu
Na kilikuwa kimepigwa msasa. Kingeachwa nje miezi miwili kwanza ndipo tuzungumze.

#40 Mkata_Vyuma_NRB
Lansi nipe kipande kwa basi la usiku, kuna jamaa ana darubini. Kama ni chembe ngumu zimekata, kutakuwa na mikwaruzo ya upande mmoja. Kama ni nyundo, utaona mashimo yenye nyufa chini.

#41 Lansi_Mkononi
Kipande sinacho tena. Leo asubuhi nimekipeleka ofisini pamoja na mfuniko na karatasi ya hesabu za Mwalimu. Msimamizi amekigeuza geuza, amepitisha kidole, ameyasoma yote hadi Cook na 1928. Kimya. Nikajua nimeshinda.

Kisha akaniuliza: "Hiki chuma umekitoa wapi?"

Nikasema stoo. Naye akaandika. Sasa nadaiwa bamba na kipande.

#42 Kungu_Manga
😂😂😂 Na mfuniko je?

#43 Lansi_Mkononi
Mfuniko ni wa mama watoto. Leo amefunika wali kwa sinia na hajaniambia kitu, ila sinia aliliweka kwa kishindo.